Mashine Iliyovaa Jina la Kuazima

"Hivi Verna, hii kompyuta inajuaje kama nimeichomekea mashine ya kuchapa na siyo birika la kahawa?"

Swali hilo lilitoka kwa Gordon Brekke, jirani yake wa nyumba ya pili, naye alikuwa amejipenyeza chini ya meza ya ofisi ya kanisa, inaonekana miguu tu. Ilikuwa ule wakati theluji inaanza kuyeyuka na kila mtu anaingia na matope yake. Gordon alifanya kazi maisha yake yote kwenye maghala ya nafaka pale relini, na tangu astaafu amekuwa mzee wa kanisa na fundi wa kila kitu, hata kile ambacho hakuombwa.

"Birika lisingeingia kwenye hicho kitundu, Gordon."

"Usinizungushe, bibie. Nimechomeka tu, hata sijanyanyuka, kioo kimeshataja jina lake na la kiwanda chake. Nani kakiambia?"

"Mashine yenyewe ndiyo imesema."

"Kwa mdomo gani?"

Verna Haugen alicheka, akavuta kiti akaketi. Swali hilo ndilo lililomlisha ujana wake wote, na hapa Nordby, mji wetu mdogo, hakuna aliyewahi kumuuliza. Watu walijua tu kwamba zamani alifanya kazi ya kompyuta huko mjini St. Paul, kama walivyojua kwamba fulani alikuwa jeshini. Ni mambo ya kale, yanaheshimiwa, hayaulizwi.

"Haya, niambie," alisema. "Mimi Jumapili nafanya kazi gani?"

"Unasimama mlangoni unatuchelewesha kuingia."

"Ndiyo hiyo hiyo. Akija mgeni namuuliza, wewe ni wa kina nani, na jina lako nani? Sasa na kifaa ni hivyo hivyo. Ukishakichomeka, ule mfumo unaoendesha kompyuta nzima unakiuliza, nacho kinataja namba mbili. Moja ya ukoo, yaani kiwanda kilichokizaa. Ya pili yake mwenyewe."

"Haya. Kishajitaja."

"Ndani mle kuna programu ndogo ndogo, kila moja imefundishwa kushughulika na vifaa vyake. Sisi tulikuwa tunaziita madereva. Kila dereva, siku ya kuanza kazi, anaacha kadi kwa mfumo: mimi nawajua hawa na hawa. Basi mfumo unachukua namba za mgeni, unazilinganisha na zile kadi. Ukimpata anayemjua unamwita, njoo, mgeni wako kafika. Dereva anakwenda, anamuuliza mgeni maswali yake mawili matatu, akiridhika anasema, huyu ni wangu."

"Na kama hakuna kadi yenye jina lake?"

"Anaulizwa aina. Akisema mimi ni kibodi, yuko dereva wa jumla anayepokea kibodi za kila mahali, hachagui. Kama vile mgeni nisiyemjua kabisa nampeleka kwa Lorraine jikoni. Lorraine humpa kahawa yeyote."

"Na akikosa hata Lorraine?"

"Anakaa kwenye benchi pale kwenye makoti, maskini, mpaka atokee mtu wa kumjua."

Gordon alijivuta kutoka chini ya meza, magoti yakilia, vumbi limemjaa kichwani.

"Basi kazi yako ya mjini na kazi yako ya mlangoni ni moja tu," alisema. "Umelipwa ile, hii unatufanyia bure."

Akaenda zake kutafuta kahawa. Verna alibaki ameketi. Miaka yote hiyo hakuwahi kuziweka hizo kazi mbili pamoja.

Alipoanza kazi St. Paul, vifaa havikuwa na ulimi. Ilibidi ufungue tumbo la mashine, uchukue kofia ndogo za plastiki zisizozidi punje ya mchele, uzivishe kwenye vijisindano fulani na fulani vya chuma vilivyochomoza mle ndani. Hapo ndipo kifaa kinapangiwa njia ya kupiga hodi. Ukikosea, vifaa viwili vikapewa njia moja, vyote vinapiga hodi kwa pamoja na mashine inasimama imekodoa macho kama ng'ombe aliyejikuta juu ya barafu. Basi mnaanza tena, kofia moja moja, kwa ukucha.

Dale aliketi meza ya jirani. Alifuga ukucha wa kidole gumba kwa ajili ya zile kofia, na wenzake walimtania kwamba mwanamke gani atakubali mkono wenye jambia. Verna alikubali, wakaoana. Walikula chakula cha mchana pamoja, yeye na sufuria yake ya viazi na nyama ya kuoka, Dale na sandwichi zake zisizobadilika, na katikati yao mkebe wa kahawa uliojaa kofia. Walikuwa wakipokezana mkebe huo kama watu wengine wanavyopokezana chumvi. Mpaka leo uko dirishani kwa Verna jikoni, na upepo ukipiga nyumba unasikia zinacheza ndani.

Halafu ikaja siku vifaa vilipoanza kusema. Kijana wa ghorofa ya juu aliwaita wote chumba kimoja, akachukua kifaa na kukichomeka huku mashine inawaka, jambo ambalo zamani lingeunguza kila kitu. Kioo kikataja jina la kifaa, polepole, kama mtoto anayejitambulisha mbele ya darasa. Walipiga makofi hadi mlinzi akaja kuangalia. Dale aliutafuta mkono wa Verna chini ya meza, akamnong'oneza:

"Adamu ilibidi awape wanyama majina mmoja mmoja. Hawa wetu wanakuja wanajitaja wenyewe."

Verna alilishika neno hilo. Katika kazi ile alijifunza kwamba vifaa vinaharibika, vinachoka, vinaungua, lakini kifaa kikikwambia jina lake unaweza kuliamini. Hilo likawa kwake kama nguzo ya nyumba. Dale alipotangulia mbele za Bwana, Verna alirudi Nordby kwenye nyumba ya wazazi wake, akaomba kazi moja tu kanisani, akapewa mlango.

Sasa tuje kwa Opal Sletten, kwa sababu bila Opal hakuna cha kusimulia.

Opal haoni tangu utotoni. Alihamia Nordby akiwa mjane, kwa wifi yake Ardis, na kila Jumapili ya kwanza ya Majilio, majuma yale ya kungojea Krismasi, ndiye anayesoma somo la nabii. Vidole vyake vinatembea juu ya karatasi za nukta nundu, sauti inafuata, na kanisa zima linanyamaza, hata watoto. Akina mama walioka mikate ya viazi mwaka mzima, wakauza mpaka ikapatikana mashine ya kuchapa nukta hizo. Ni mashine nzito, ina kelele za mvua ya mawe juu ya bati, na karakana ndogo iliyoitengeneza ilishafungwa siku nyingi.

Kiangazi kile kompyuta ya zamani ya kanisa ilizima, haikuamka tena. Gordon alileta mpya. Wakaichomeka mashine ya Opal, wote watatu wamesimama, Opal ameegemea fimbo yake anasubiri kusikia. Kioo kikawaka, kikaandika kwa furaha kabisa:

*Mizani ya nafaka iko tayari kutumika.*

Gordon alicheka mpaka akashika ukuta.

"Jamani, nimerudishwa kazini! Opal, panda hapo juu tukupime, tuone kama umekauka kiasi cha kuingia ghalani."

"Jipime wewe kwanza," Opal akamjibu. "Tumbo lako nimeligonga kwa fimbo kabla hujaniamkia."

"Hilo siyo tumbo, ni koti."

"Mwezi wa nane huu, Gordon."

Wakacheka wote. Walidhani ni jambo la dakika chache. Lakini Verna alipotuma ukurasa, mashine ilitetemeka kidogo ikanyamaza, na kioo kikaomba gunia liwekwe juu ya mizani. Alichomoa, akachomeka. Alizima, akawasha. Alibadilisha waya. Kila mara mashine ilipoulizwa jina ilitaja namba zile zile, na kila mara dereva wa mizani alikuja mbio kuipokea.

Majani ya miti yalipukutika, theluji ya kwanza ikaanguka, na mashine bado ni mizani. Verna alikuwa ameshaamua moyoni kwamba uzee umeiingia, imesahau jina lake. Aliwaza hivyo kwa sababu jambo lingine, kwamba mashine nzima yenye akili zake inajitaja kwa jina la mwingine, halikuwa na mahali pa kukaa kichwani mwake.

"Nadhani imekufa, Opal," alimwambia. "Nasikitika, mwenzangu."

Opal aliweka kiganja juu ya kifuniko, akasema, "Iwashe."

Verna akaiwasha.

"Haijafa. Inajikung'uta kama kuku anayetoka vumbini, vile vile kama siku zote. Ni yenyewe hii. Wewe huisikii?"

"Kompyuta inasema ni mizani."

"Basi kompyuta haijui inachosema."

Mchungaji, kwa wema wake, alipendekeza Opal awekewe kisikilizio sikioni, asomewe polepole naye arudie. Opal alitikisa kichwa.

"Masikio yangu nayo yamechoka, mchungaji. Na mnataka ninong'onezewe Neno halafu nilirudie kama kasuku? Nimekuwa nikilisoma. Karatasi zangu za zamani nukta zimelala, nimezipapasa mno. Mwaka huu asome mtu mwingine. Ni sawa tu."

Hapa Nordby mtu akisema "ni sawa tu" kwa sauti ile, ujue umemkata mpaka mfupani. Verna alikwenda nyumbani akasimama mbele ya mkebe wa kahawa dirishani, akaona haya mbele ya Dale.

Aliomba. Verna siyo mtu wa maombi marefu. Alisema tu, "Bwana, wewe unamjua kila mtu kwa jina. Nisaidie na hii." Akalala.

Siku chache kabla ya Majilio alikuwa kanisani asubuhi akipanga beji za majina kwenye ubao wa makoti. Hiyo ni desturi ya hapa: kila muumini ana beji yake, anaibandika kifuani akiingia na kuirudisha akitoka, ingawa wengi huzisahau kwenye makoti majira yote ya baridi. Akafika kwenye beji ya Ardis Tollefson. Ardis alishafariki, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiondoa. Verna aliifuta vumbi kwa kidole, na papo hapo akaanza kucheka peke yake, kwa maana aliikumbuka Jumapili ya kwanza ya Opal.

Ilikuwa baridi ya kupasua mawe. Opal alikuwa amefika Nordby jana yake na koti jepesi la kusini, na wifi yake Ardis, ambaye alikuwa kitandani na mafua, akamvalisha koti lake mwenyewe, zito, la kijani. Beji ilikuwa kifuani, haikuondolewa. Opal aliletwa na gari la kanisa, amejifunga skafu mpaka puani, miwani imeganda ukungu kama miwani ya kila mtu, na ameshikwa mkono kwa sababu ya barafu kama kila mtu. Verna naye alikuwa mgeni mlangoni, nyuso bado hazijamkaa. Alisoma beji.

"Karibu Ardis! Harakisha, kwaya wanakungoja!"

Akamshika mkono, akampeleka mpaka kwa kina mama wa sauti ya pili, akamsimamisha katikati yao. Na Opal, kwa ile adabu ya watu wa huku, hakusema kitu. Alidhani anasalimiwa kwa niaba ya wifi yake. Aliimba nyimbo zote kwa kubahatisha mpaka ibada ikaisha, ndipo alipomuuliza mama aliyesimama kando yake:

"Samahani, ndiyo desturi yenu? Kila mgeni lazima aimbe kwanza?"

Kanisa lilicheka mwezi mzima. Verna alikuwa bado anacheka pale kwenye ubao, beji mkononi, alipoacha ghafla. Koti la Ardis, mtu ni Opal.

Alikwenda ofisini bila hata kuvua koti.

Karakana ndogo, aliwaza. Watu wachache, fedha kidogo, mikono mizuri. Wangejisumbua kwenda kujiandikishia namba ya ukoo wao? Wangenunua kile kipande cha kuunganishia waya kutoka kiwanda kikubwa, kimekuja na namba zake zimebandikwa, nao wangekifunga kama kilivyo. Beji ya mwenye koti ikabaki kifuani. Na mahali pengine, watu wengine wachache waliokuwa wakitengeneza mizani za nafaka walinunua kipande kile kile, wakafanya vile vile. Wageni wawili, koti la namna moja. Kompyuta ya zamani ilikuwa imefunzwa kumjua mmoja tu. Hii mpya ilitafuta kwenye mtandao, ikamkuta dereva wa mizani ana kadi yenye namba hizo, ikamwita. Na yule dereva ni mvivu. Akiona namba, basi, haulizi zaidi, anamshika mgeni mkono na kumpeleka kwenye kwaya.

Lakini chini ya namba, kifaa kina maneno machache, jina lake lilivyoandikwa na waliokitengeneza. Halisemwi kama halikuulizwa. Verna aliketi, akaliuliza.

Kioo kikaleta mstari mmoja. Jina la ile karakana iliyofungwa, na mbele yake: *mashine ya nukta nundu*.

Alifunika mdomo kwa mkono. Kumbe ilikuwa haijasahau kitu. Tangu Agosti ilikuwa imekaa pale inajua kabisa ni nani, inangoja kuulizwa vizuri.

"Pole," aliiambia, na kama kuna mtu angepita mlangoni angemwona mwanamke mzima anaomba radhi kwa mashine.

Kilichobaki hakikuwa kirefu, ingawa vidole vyake vilikuwa vimepoteza mwendo. Aliuandikia mfumo agizo: akija mgeni mwenye namba hizi, usimkabidhi kwa mizani kabla hujamuuliza jina lililoandikwa, na likiwa hili, mpe dereva wa kawaida wa waya. Huyo ni kama Lorraine, hapambi wala hatengenezi, anapeleka herufi moja moja kama alivyopewa. Mashine ya Opal haikuhitaji zaidi ya hapo. Kuzigeuza herufi kuwa nukta ilijua yenyewe.

Alimpigia simu Gordon amlete Opal. Walipofika, hakuwaambia kitu, alibonyeza tu. Mvua ya mawe ikaanguka juu ya bati.

Opal alisimama pale pale mlangoni, fimbo hewani.

"Nilikwambia haijafa," alisema.

Gordon aliitoa karatasi ya kwanza mashineni akampa. Opal alivua glavu kwa meno, akapitisha kidole mstari wa juu, akarudia, kisha akaikumbatia karatasi yote kifuani.

"Nukta zimesimama," alisema. "Kali kabisa. Zinachoma."

"Kwa hiyo mimi na mizani yangu basi tena?" Gordon akauliza huku anafuta macho akijifanya ni vumbi.

"Wewe nenda kapime kahawa," Opal akamwambia. "Na ya Verna ijae."

Jumapili ile mshumaa wa kwanza uliwashwa, na Opal akasoma somo la nabii kama alivyolisoma miaka yote. Verna hakuketi. Alisikiliza akiwa mlangoni mahali pake, baridi ikimpita miguuni, mkono mfukoni. Mfukoni alikuwa ameweka kofia moja ya plastiki kutoka kwenye mkebe, akawa anaigeuzageuza kwa ukucha.

Baada ya Mwaka Mpya, kwenye mkutano wa washarika, alisema magoti yamekataa, mlango sasa uende kwa mwingine. Gordon alisimama, akakohoa, akasema halmashauri imefikiria kumpa zawadi, lakini yeye ni mgumu kuzawadiwa, kwa hiyo aseme mwenyewe anataka nini. Watu wakacheka, wakamgeukia. Lorraine alikuwa anapitisha kahawa, akasimama na birika lake.

Verna alimtazama Opal, aliyekuwa safu ya mbele na beji yake mwenyewe kifuani, kisha akasema:

"Naomba kitu kimoja tu. Yeyote atakayesimama pale mlangoni baada yangu, asisome beji. Amuulize mtu jina lake, na angoje ajibiwe."